Mchezo bila kuandika kode: kapo ifungwe ao ifunguliwe?

Ilikuwa siku ya posho, kisha saa sita, mu parseli moja ya Likasi. Baba alikuwa ametoka posta ya usiku, amekwisha kuoga, anangojea bukari. Mtoto wake wa kiume, wa miaka 14, alikaa chini ya mwembe na telefone ya mama yake mkononi, na telefone ile ilikuwa moto sawa pasi. Tulifikiri anacheza. Hapana. Alikuwa anatengeneza mchezo.

Mchezo wake ni shimo. Mchezaji anachimba, anatoa mawe ya kijani, anajaza toroli, anapandisha juu. Kama anaondoa miti inayoshikilia dari na haweki ingine, dari inaanguka na mchezo unaisha. Sheria hiyo mtoto aliipata kwa baba yake, ambaye anasema kila mara kwamba dari inaongea mbele ya kuanguka, na mwenye kuishi ni yule anayesikiliza.

Taabu ilianzia paka hapo kwenye dari. Chombo alichokuwa anatumia hakiombi mtu aandike kode. Unapanga vipande vilivyokwisha kutengenezwa, kimoja juu ya kingine. Kwa toroli ilikuwa rahisi. Kwa mchimbaji mwenye kutembea, rahisi. Lakini ili mchezo ujue kama kila jiwe bado liko na kitu cha kulishikilia, mtoto alipanga vipande zaidi ya mia, na telefone ikaanza kukokota sawa kamiyo kwenye mlima. Siku moja mkubwa wake anayesoma Lubumbashi akaangalia, akacheka kidogo, akamwambia: «Hii kazi, ukiiandika kwa kode, ni mistari makumi mawili tu.»

Wakatafuta mahali pa kuandika mistari hiyo. Hapakuwa. Wakatafuta namna ya kutoa mchezo na kuupeleka mu chombo kingine. Hapakuwa vilevile. Miezi minane ya kazi ilikuwa ndani ya sanduku ambalo mtoto hana ufunguo wake.

Mama akauliza swali la mama: «Na zile mega zote tulinunua, zimeenda wapi?» Baba naye, ambaye ni fundi wa masini kubwa, akasema jambo ambalo lilitufanya tuandike habari hii: «Ni sawa masini mapya ya kule kazini. Wanakupatia uendeshe, lakini kapo si yako.»

Kwa hiyo tuulize waziwazi: vyombo vya kutengeneza michezo bila kuandika kode, je, vimruhusu mtumiaji afungue kapo na kugusa kode iliyo chini?

Chini ya vipande kuna nini

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kode tunayosema hapa si kodi ya serikali. Kode ni maandishi ambayo ordinatere ao telefone inafuata, mstari kwa mstari, sawa timu ya posta inavyofuata maagizo ya shefu. «Toroli ikijaa, simama.» «Jiwe likikosa nguzo, angusha.» Kuyaandika kunaomba lugha yake, na alama moja ikikosekana, kila kitu kinasimama.

Njo maana watu walitengeneza vyombo vya vipande. Kile kinachojulikana zaidi kwa watoto ni Scratch, kilichotolewa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick ku chuo cha MIT, Marekani. Ni cha bure, kinaweza kufanya kazi kwenye ordinatere bila intaneti, na maneno yake yametafsiriwa katika lugha mingi, Kiswahili pia. Mtoto anavuta kipande kinachosema «tembea», anakiunganisha na kingine kinachosema «geuka», na paka inatembea. Hapa tunasema paka mnyama, ile ya rangi ya machungwa ambayo ni alama ya Scratch.

Lakini tusidanganyike. Hata pale ambapo mtumiaji haandiki kode, kode iko. Mtu mwingine aliiandika mbele yake, akaifunika kwa vipande vya rangi. Sawa gari: wewe unashika usukani, lakini moteri inazunguka chini ya kapo, uione ao usiione. Tunabishana paka juu ya kile kifuniko.

Wenye kufunga si wajinga

Tusiwe wepesi kuwalaumu wanaofunga. Wana sababu, na fundi yeyote wa shimo atazielewa.

Sababu ya kwanza ni usalama. Kode inaweza kutengeneza, inaweza pia kuiba. Kama watoto wanapeana michezo na kila mmoja anaweza kuweka ndani yake maandishi yoyote anayotaka, siku moja mtu mubaya ataweka maandishi ya kuchukua nywila za wengine. Vipande vilivyopimwa havifanyi hivyo. Mu Scratch mtoto anaweza kufungua mchezo wa mtoto mwingine, kuangalia ndani, kubadilisha vipande na kutoa mchezo wake mpya. Vile wote wanatumia vipande vilevile, hatari ni ndogo.

Sababu ya pili: mwenye kugusa bila kujua anaharibu, kisha anamlilia aliyemuuzia. Tunawajua watu wa namna hiyo. Wanafungua pompi wenyewe siku ya Mungu, na siku ya kwanza ya juma wanaileta kwa fundi ikiwa imebaki vipande kumi na skuru tatu zimepotea.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi, na watu wengi hawaifikirii. Vipande vinageuka kuwa kode, lakini kode haigeuki kirahisi kuwa vipande. Ni sawa kusaga mahindi: unga unapata, mahindi hurudishi. Ukibadilisha kwa mkono ile kode ambayo chombo kimetoa, kisha ukarudi kubadilisha vipande vyako, chombo kitatoa kode mpya na kufuta yale uliyoandika. Sasa uko na kazi mbili ambazo hazijuane.

Tena, si kweli kwamba bila kode hakuna kitu kikubwa. Mwaka 2014 Mmarekani Scott Cawthon alitoa mchezo wa kuogopesha unaoitwa Five Nights at Freddy's. Aliutengeneza kwa Clickteam Fusion, chombo cha kampuni ya Ufaransa ambamo kazi inafanywa kwa kujaza meza: huku masharti, huku matendo. Mchezo huo ulienea dunia nzima, na mwaka 2023 ukatolewa filme ya sinema. Kwa hiyo mtoto asiyeandika kode asidharauliwe.

Walikwisha kuijibu mwaka 1987

Hata hivyo, swali hili si jipya, na jibu moja zuri lilitolewa zamani. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa programu iliyoitwa HyperCard, kazi ya fundi Bill Atkinson. Watu walitengeneza nayo karatasi zenye picha na vifungo: unabonyeza hapa, unafika kule. Walimu waliitumia, waganga waliitumia, watoto pia.

Kilichotupendeza ni namna walivyopanga ruhusa. HyperCard ilikuwa na ngazi tano. Ngazi ya kwanza: unasoma tu. Ya pili: unaandika maneno. Ya tatu: unachora. Ya nne: unatengeneza vifungo na karatasi zako. Ya tano: unafungua kifungo chochote na kuandika kode yake, kwa lugha iliyofanana na Kiingereza cha watu. Mtu aliyekuwa ngazi ya kwanza hakusumbuliwa na kode. Aliyetaka kupanda, alipanda. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyefungiwa.

Ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, waliitumia kutengeneza mchezo Myst, uliotoka mwaka 1993 na kuuzwa kwa mamilioni. Wao hawakubakia kwenye ngazi ya vifungo. Walipanda mpaka juu, na pale HyperCard yenyewe iliposhindwa, iliruhusu kuongezwa vipande vilivyoandikwa kwa lugha zingine.

Sisi watu wa shimo tunaijua njia hiyo. Mtu haingii siku ya kwanza na kupewa milipuko. Anaanza na pelo, anafika kwa masini, anajifunza na mkubwa. Lakini hakuna anayemwambia kwamba hata akifanya miaka makumi mawili hataruhusiwa kujua milipuko inawekwa namna gani.

Somo la RPG Maker

Sasa, kufungua kunaweza kufanywa vizuri ao vibaya. Mfano mzuri ni RPG Maker, chombo kutoka Japani cha kutengeneza michezo ya safari na vita. Mu RPG Maker XP, cha miaka ya 2000, watengenezaji walifungua karibu kila kitu. Mtumiaji aliweza kuingia ndani ya maandishi ya lugha ya Ruby yaliyoendesha mchezo wenyewe, akayabadilisha anavyotaka. Matunda mazuri yalitoka: mchezo To the Moon, wa mwaka 2011, wenye hadithi ya mzee anayekaribia kufa, ulitengenezwa kwa chombo hicho, na watu wazima waliulilia.

Lakini fujo pia ilitoka. Mmoja anabadilisha sehemu ya vita, mwingine anabadilisha sehemu ileile kwa namna yake. Wewe unachukua kode za wote wawili, unaziweka pamoja, zinapigana. Hujui ni nani amevunja nini, juu wote wameandika ndani ya ukuta uleule.

Kisha, mwaka 2015, ilipotoka RPG Maker MV, waliweka mpango mwingine. Maandishi ya kuongeza yanakaa ndani ya faili zake yenyewe, pembeni, kwa lugha ya JavaScript. Kila moja iko na kifungo cha kuwasha na kuzima. Mchezo ukikataa, unazima moja kwa moja mpaka umpate mwenye makosa. Magomvi hayakuisha yote, lakini sasa mtu anajua pa kutafuta, sawa fundi wa umeme anayeshusha vifungo vya sanduku kimoja kimoja.

Hilo njo tunalolishika. Kubomoa ukuta si jambo moja na kuweka mlango.

Milango mitatu

Tukiangalia vyombo vya leo, tunaona kwamba watu wanaobishana mara nyingi hawasemi juu ya kitu kimoja. Kuna milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa kuona. Chombo kinakuonyesha kode iliyo chini ya vipande vyako. MakeCode Arcade ya Microsoft inafanya hivi: upande mmoja vipande, na kwa kubonyeza mara moja unaona kazi ileile ikiwa imeandikwa kwa JavaScript. Unaweza hata kuandika pale, na kurudi kwa vipande. Maandishi ambayo hayawezi kuonyeshwa kama vipande, chombo kinayaweka ndani ya kipande cha rangi ya majivu bila kuyatupa. Kwa mtoto, mlango huu ni masomo ya bure. Hatuoni sababu ya kuufunga.

Mlango wa pili ni wa kuongeza. Vipande vinabaki vipande, lakini katikati yake kuna nafasi ya kuandika mistari yako. GDevelop, iliyoanzishwa na Mfaransa Florian Rival, iko na nafasi hiyo: kati ya matukio yako unaweka tukio moja la JavaScript. Iko kwa Kifaransa pia, na kode ya chombo chenyewe iko wazi kwa watu wote. Construct 3, ya kampuni Scirra ya London, iliongeza JavaScript mwaka 2019, baada ya wateja kufanya kazi miaka mingi kwa matukio peke yake. Hawakuondoa matukio. Waliweka mlango pembeni. Mtoto wetu wa Likasi alihitaji mlango huu: mistari makumi mawili kwa ajili ya dari, na toroli ibaki na vipande vyake.

Mlango wa tatu ni wa kubadilisha kwa mkono kile ambacho masini imekwisha kusaga. Hapa tunakubaliana na wenye kuogopa. Mu GameMaker, kwa mfano, unaweza kugeuza kazi ya vipande kuwa kode ya lugha yake, GML, lakini njia ya kurudi hakuna. Si jambo mubaya; inafaa kwa mtu aliyekomaa. Lakini mbele ya kupita mlango huo, mtu aambiwe waziwazi kwamba hatarudi, na aweke kopi ya kazi yake pembeni.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kapo ifunguliwe kwa kuona, kwa kila mtu. Ifunguliwe kwa kuongeza, kwa yule anayetaka, na kode ya kuongeza ikae mahali pake panapoonekana. Kwa kubadilisha kilichosagwa, kuwe na onyo kubwa. Na vyombo vya watoto wadogo, ambapo watoto wanapeana kazi na watu wasiowajua, vina haki ya kubaki na vipande tu, kama vinamruhusu mtoto atoke na kazi yake siku anapokua.

Juu ya nini inatuhusu sisi

Mtu mmoja atasema: tuko na taabu ya maji, ya umeme, ya masomo ya watoto, na ninyi mnaandika juu ya michezo. Tunamuelewa. Lakini aangalie telefone yake. Betri yake pengine iko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu. Tunatoa jiwe, linaenda mbali, linarudi likiwa kitu ambacho tunabonyeza juu tu. Mtoto anayejifunza kilicho chini ya kioo anafanya safari ambayo jiwe letu halijaifanya bado.

Tena kuna swali la kesho. Chombo kinaweza kufungwa na mwenye nacho, sawa shimo linavyofungwa. Apple iliacha kuuza HyperCard mwaka 2004. Adobe iliacha Flash siku ya 31 Desemba 2020, na michezo mingi ya intaneti iliyotengenezwa nayo ikazimika. Mingine iliokolewa na watu wa kujitolea. Kazi inayokaa paka ndani ya sanduku la mtu mwingine inazimika pamoja na sanduku lile.

Mbele ya mtoto kuanza

Baba na mama wasiojua kode wanaweza kuuliza maswali haya manne, na mtoto ao mkubwa wake atafute majibu mbele ya kununua mega ya kwanza.

Moja: kazi ikimalizika, inaweza kutoka na kukaa kwenye telefone zingine ao kwenye kle, ao inabaki kwao tu?

Mbili: kuna mahali pa kuona kode, na mahali pa kuongeza ya kwake?

Tatu: kinafanya kazi umeme ukikatika na intaneti ikikosekana?

Nne: bure yake inaishia wapi? Vyombo vingine ni bure kuingia, lakini kutoka na mchezo kunalipiwa.

Na tunaongeza shauri moja la fundi: kila juma, kopi ya kazi iwekwe pahali pengine. Kode inayochukuliwa kwa mtu usiyemjua isiwekwe ndani ya mchezo mpaka mwenye kuelewa aisome. Jiwe usilolipima, usilale chini yake.

Mtoto yule wa Likasi ameanza tena, mu chombo kingine chenye mlango wa pili. Picha zake aliziokoa kwa kuzipiga foto kwenye kioo, moja kwa moja. Vipande vyote amevipanga upya, na safari hii vimeenda mbio, juu kichwa chake kilikuwa kimekwisha kujua njia. Mkubwa wake amemwandikia mistari ya dari, lakini alikataa kuiweka mpaka aelewe kila mmoja. Bado iko mitatu inayomshinda.

Tulipoaga, baba alikuwa ameshika telefone, anachimba. Aliondoa mti mmoja kushoto, akangoja. Dari ikabaki. Akaondoa wa pili, na mbele ya mawe kuanguka, vumbi kidogo lilishuka kwenye kioo. Akamuangalia mtoto.

«Umeiweka iongee», alisema.